Ubao mmoja chini, bomba moja juu: kisa cha atelie ya Katoyi

"Yaya, kuya uone hii atelie. Kila mangaribi kichwa inamuuma shemeji yako, na majirani wanasema ni mazuku."

Ndivyo dada yangu mdogo alivyonipigia simu mwanzoni mwa mwezi wa kenda, mvua zikiwa zimerudi Goma. Mume wake ni fundi mbao; anatengeneza vitanda, makabati na viti kwenye atelie, yaani karakana, nyuma ya nyumba yao mtaa wa Katoyi. Mimi ni fundi wa kujenga. Kisa hiki nakiandika chote, pamoja na pale nilipokosea mimi mwenyewe, kwa sababu atelie za namna hii zimejaa mjini kwetu na wengi wanaumia ndani yake wakidhani ni uchovu wa kazi.

Nianze na mazuku, maana kwetu neno hilo halichezewi. Ni gesi ya kaboni dioksidi inayopanda kutoka ardhini kwenye nyufa za eneo la volkano. Ni nzito kuliko hewa kwa mara moja na nusu, kwa hiyo inatuama mashimoni na mabondeni kama maji. Haionekani, na imeshaua watu na mifugo. Sehemu zinazojulikana zaidi ziko magharibi ya mji, kuelekea Lac Vert, Bulengo na Sake. Inazidi usiku na alfajiri, upepo ukiwa umelala. Jua likipanda na upepo ukianza, inapungua.

Kwa hiyo kabla ya kushika nyundo nilimwuliza shemeji maswali matatu: kichwa kinauma saa ngapi, baada ya kazi gani, na tangu lini. Majibu yake ndiyo yaliyofungua kisa. Kinauma jioni, kuanzia saa kumi na moja. Kinauma siku za kupaka vanishi, hasa mvua ikinyesha. Siku za kupiga randa na msasa hakiumi, ila kifua kinawasha na pua inaziba. Asubuhi saa kumi na mbili, anapofungua chumba kilichofungwa usiku kucha, hasikii kitu. Mazuku yangefanya kinyume. Yangempiga alfajiri, wala yasingejali kama jana yake amepaka vanishi au hapana. Tena kuku wa dada yangu wanalala kwenye kibanda kilicho chini kuliko sakafu ya atelie, na wote ni wazima. Mahali penye mazuku, mnyama aliye karibu na ardhi ndiye anayetangulia kufa.

Asichukue mtu maneno haya kuwa kipimo cha mazuku. Anayeishi upande wa Lac Vert akapata mashaka asijaribu kwa mshumaa: mpaka mshumaa uzimike, gesi imeshapita kiwango cha hatari kwa mtu. Aende Observatoire, kituo cha kuchunguza volkano hapa Goma, kazi ya kupima ni yao. Kwa shemeji mimi niliyaweka mazuku pembeni kwa sababu saa zilikataa.

Swali la tatu lilichelewa kujibiwa. "Tangu mwezi wa ine, nafikiri." Nikamwuliza: mwezi wa tatu ulifanya nini humu ndani? Akanionyesha kuta.

Atelie yenyewe ni chumba cha mbao cha mita 5 kwa 3.20, manjanja (mabati) juu bila dari, mteremko mmoja: upande wa kaskazini urefu ni mita 2.70, upande wa kusini 2.10. Chini ni mawe meusi ya volkano yaliyosawazishwa kwa saruji. Mlango na dirisha dogo, sentimita 60 kwa 50, viko ukuta mmoja wa mashariki, vikitazama uani. Magharibi kuna ukuta wa jirani. Kusini kuna kinjia chembamba, halafu ukuta wa mawe wa kiwanja. Kaskazini, mita tatu tu, ni nyumba wanayolala.

Sasa, nyumba za mbao za Goma zina faida ambayo wenyewe hatuioni: zinapumua. Ubao ukikauka unasinyaa, na kati yake na mwenzake panabaki mwanya. Nilihesabu kwa nje nikakuta mianya kama 40, upana wa milimita 4 hivi, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 2. Ukiijumlisha unapata karibu theluthi moja ya mita ya mraba, yaani sawasawa na dirisha la pili, tena lililotawanywa pande zote. Mwezi wa tatu wezi walichungulia kwenye mianya hiyo, wakaona randa ya umeme, usiku wakang'oa ubao wakaichukua. Shemeji akanunua shitingi, lile turubai gumu la plastiki, akaipigilia kuta zote kwa ndani kuanzia sakafuni mpaka chini ya manjanja. Wizi ukaisha, mvua ya upepo ikaacha kulowesha mbao zake, na chumba kikafungwa pumzi. Mwezi uliofuata kichwa kikaanza.

Hakuna mtu wa kumlaumu hapo. Ningeibiwa mimi ningefanya vilevile.

Lakini kwenye kona ya ndani niliona kitu kingine kilichonishtua zaidi: mbabula, yaani jiko la makaa, yenye majivu.

"Ya nini hii, shemeji?"

"Ya kukaushia vanishi. Tangu mvua zirudi haikauki, inachukua siku mbili, na mteja anangoja."

Vanishi ya mafuta inakauka kwa mambo mawili: kiyeyusho kinapaa, halafu mafuta yanashika oksijeni ya hewani na kuwa magumu. Chumba kisichobadilisha hewa kinajaa mvuke wa kiyeyusho kilekile, kwa hiyo kilichobaki kwenye ubao hakina haraka ya kutoka. Shemeji alipoona haikauki aliwasha makala, yaani makaa. Na makala ndani ya chumba kilichozibwa yanatoa kaboni monoksidi, gesi isiyo na harufu, ambayo dalili yake ya kwanza ni kichwa kuuma na kizunguzungu. Juu ya hayo, moto ulikuwa umekaa hatua tatu kutoka kwenye bidoni ya tina, kile kiyeyusho cha vanishi. Tina nyingi zina toluini, na mvuke wa toluini ni mzito mara tatu kuliko hewa: unashuka kutoka kwenye meza, unatambaa sakafuni, na mbabula iko sakafuni.

Nilimshika mkono. Nilimwambia hata tusipofanya kazi nyingine yoyote, mbabula inatoka leo. Aliibeba mwenyewe mpaka jikoni kwa dada, na mpaka leo haijarudi. Hatua hiyo haikugharimu faranga hata moja, na kwangu ndiyo kubwa kuliko zote.

Kesho yake asubuhi tulitoa nje makopo yote ya vanishi na bidoni ya tina, tukaacha mlango wazi mpaka harufu ikaisha, ndipo nikawasha dawa ya mbu, ile ya kuzunguka kama konokono. Moshi wake ni mwembamba na unatii kila mwendo wa hewa. Hii ndiyo mashine yangu ya kupimia. Mlangoni moshi uliingia ndani kwa chini na kutoka nje kwa juu, kwenye mlango uleule. Katikati ya chumba ulipanda mpaka chini ya manjanja ukatanda hapo kama wingu. Kwenye kona ya magharibi, anapopakia vanishi, ulisimama wima, haukuyumba. Halafu nikamwomba awashe feni.

Feni hiyo aliinunua dola 40 mwezi wa sita, baada ya kushauriwa kuwa dawa ya joto na harufu ni feni. Ilisimama nyuma ya meza ikimpulizia usoni. Moshi ulizunguka chumba kizima, ukapita kona zote, ukarudi palepale alipokuwa amesimama. Mama akikoroga uji hauongezeki. Unazunguka tu ndani ya sufuria. Feni yake ilikuwa mwiko. Siku za msasa ilikuwa inainua unga mwembamba uliokwisha kutua na kuurudisha kwenye pua yake. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliweka vumbi la mbao katika kundi la 1, la vitu vilivyothibitika kuleta saratani kwa binadamu, katika chapisho lake la 1995. Saratani inayotajwa zaidi ni ya ndani ya pua. Unga wa kutisha si ule unaouona sakafuni. Ni ule unaoelea kwenye mwanga wa dirisha na hautui.

Basi tulichohitaji ni njia mbili: hewa iingilie wapi, itokee wapi. Moja bila nyingine haisaidii, kama debe lililotobolewa tundu moja dogo, mafuta hayatoki vizuri mpaka utoboe la pili. Mafundi wa kujenga wana kipimo cha kuanzia: jumla ya nafasi zinazofunguka iwe angalau sehemu moja ya ishirini ya sakafu. Sakafu yake ni mita 16 za mraba, kwa hiyo tulitaka 0.8. Dirisha lilikuwa linatoa 0.3 tu.

Upande wa kuingilia haukunisumbua. Mchana upepo wa Goma unatoka ziwani, kusini, na usiku unageuka kushuka kutoka milimani. Tulikwenda ukuta wa kusini, tukang'oa ubao mmoja wa kulala ulio karibu na sakafu, tukakata shitingi nyuma yake. Tukapata mlango wa hewa wa sentimita 20 kwa mita moja na nusu, sawa na 0.3. Tukaweka waya wa kuku na nondo mbili ili mkono wa mwizi usipite. Shemeji alitaka chandarua ya mbu. Nilikataa, kwa sababu matundu yake madogo yanazuia hewa nyingi na vumbi la mbao linayaziba kwa wiki mbili.

Kwa kutokea nilichagua ukuta wa kaskazini, chini kabisa ya manjanja, ukubwa uleule. Hesabu ilinipendeza. Manjanja ikipigwa jua, ndani panakuwa na joto kuliko nje. Tofauti ikiwa nyuzi 5 tu, na kimo kati ya tundu la chini na la juu kikiwa mita 2.10, hewa inajisukuma yenyewe kiasi cha mita za ujazo 380 kwa saa. Chumba kina 38. Kwa hiyo hewa yote ingebadilika karibu mara 10 kila saa, bila umeme. Waya unapunguza kidogo, lakini hata nusu yake ingekuwa neema. Hesabu hiyohiyo inafundisha jambo ambalo wengi wanalikosa: ukiongeza ukubwa wa matundu yote mawili mara mbili, hewa inaongezeka mara mbili, ukiongeza kimo mara mbili, inaongezeka kama mara moja na nusu hivi, haifiki mbili. Na ukipunguza tundu moja tu kuwa nusu, unapoteza zaidi ya theluthi ya hewa, hata kama lile jingine limebaki vilevile.

Hapo ndipo nilipokosea. Siku ya tatu dada alinipigia tena, safari hii sauti yake ikiwa nyingine. Chumba cha watoto kinanuka vanishi. Mtoto wa mwisho amekohoa tangu mchana.

Nilifika mbio. Upepo wa ziwa ulikuwa unafanya kazi yote niliyoupa: unaingia kusini, unakokota mvuke, unautoa kaskazini, na mita tatu mbele yake kuna dirisha la wapwa zangu wadogo. Nilikuwa nimepima joto, kimo na ukubwa, nikasahau kuuliza hewa ikishatoka inakwenda kwa nani. Lilinichoma moyo. Tulilifunga tundu jioni ileile kwa ubao wake wenyewe. Katika viwanja vyetu vilivyobanana, swali la nani yuko upande ule wa upepo linatakiwa kuja kabla ya msumeno.

Suluhisho lilikuwa kutokea juu. Tulikata manjanja karibu na ukingo wa kaskazini, tukajenga bomba la mbao la mraba, sentimita 55 kila upande, likapanda mita moja juu ya bati. Juu yake tukaweka kofia ya manjanja kuukuu kwenye miguu minne ya sentimita 20, ili hewa itoke pande zote na mvua isianguke ndani. Viungo vya bati tulivipaka lami. Mvuke sasa unatoka juu ya paa la nyumba, upepo unauchukua na kuuchanganya kabla haujashuka. Na kwa kuwa kimo kimeongezeka, hesabu ilipanda kutoka mara 10 mpaka kama 12 kwa saa. Siku mbili za kwanza nilikaa chumba cha watoto saa nzima wakati shemeji anapaka. Sikusikia harufu. Dada alikaa zaidi yangu, naye hakusikia.

Ilibaki jioni. Kati ya saa kumi na moja na saa moja upepo wa ziwa umechoka, wa mlima haujaanza, na bati limepoa. Nje na ndani joto ni moja, kwa hiyo bomba halivuti. Hapo feni ina kazi, lakini si pale ilipokuwa. Wengi wanaifunga dirishani ivute harufu kuitoa nje. Kwa vumbi inafaa. Kwa mvuke wa tina ni hatari, kwa sababu feni ya kawaida haikukingwa na cheche: swichi yake au waya uliolegea unatosha, na mvuke wote unapitia hapohapo. Tuliitoa nje kabisa, tukaiweka kwenye kile kinjia cha kusini chini ya kipande cha bati, ikipuliza hewa safi kuingia kwenye tundu la chini. Mota iko kwenye hewa isiyo na mvuke, swichi iko nje, na hewa inayosukumwa inaukokota ule mvuke mzito uliotambaa sakafuni na kuupandisha bombani. Dirisha na mlango vinafungwa wakati huo ili hewa isikate njia fupi.

Meza nayo tuliizungusha. Mwanzo alikuwa ameupa upepo mgongo, jambo linaloonekana sahihi. Lakini upepo ukikupiga mgongoni, mwili wako unatengeneza kizunguko kidogo kifuani, na mvuke wa ubao unaopaka unapanda puani. Nilimwonyesha kwa uzi mwembamba wa kushonea, niliomfungia kwenye kidole: alipouinua mbele ya kidevu chake, ulinyanyuka kuelekea mdomoni. Akageuka, upepo ukampiga ubavuni, uzi ukalala pembeni na kubaki hapo. "Njo vile!" alisema, akarudia mara tatu, akigeuka huku na huku. Sasa anapaka akiwa ubavu kwa upepo, na kwa kadiri kazi inavyoruhusu anapaka kati ya saa nne asubuhi na saa tisa, ziwa likiwa linampulizia bure.

Vumbi halikuhitaji bomba wala hesabu. Msasa umehamia uani, chini ya shitingi ileile tuliyoibandua ukuta wa mashariki, mbali na nguo za dada zinazoanikwa. Sakafu ya atelie inanyunyiziwa maji kabla ya kufagiliwa, na mwanafunzi wake amekatazwa kupuliza meza kwa mdomo au kwa kompresa. Mvua ikinyesha na msasa ukawa lazima ndani, wanavaa barakoa za FFP2, zile za kuchuja vumbi. Kitambaa cha kufunga usoni hakizuii ule unga mwembamba, na hata FFP2 haizuii mvuke wa tina. Kwa mvuke kinga yake ni hewa inayotembea.

Gharama: waya wa kuku dola 6, misumari 2, manjanja moja kuukuu 5, lami 4. Jumla dola 17. Mbao na nondo zilitoka kwenye mabaki, kazi yangu ni ya undugu. Ni chini ya nusu ya bei ya feni iliyokuwa inamrudishia vumbi.

Wiki sita zimepita. Kichwa kimeuma mara moja, jioni umeme ulipokatika akaendelea kupaka; siku hizi ukikatika anafunika kopo na kutoka. Vanishi inashika usiku mmoja kama zamani. Kifua bado kinawasha siku nyingine, na nimemsihi aende hospitali apigwe picha ya mapafu, kwa sababu miaka kumi na mitano ya unga wa mbao haifutwi na ubao mmoja uliong'olewa. Ameahidi, na dada anamkumbusha.

Kinachovuja ni kofia. Mvua ya upepo inayotoka mlimani inarusha matone ndani ya bomba, na yaliwahi kuangukia mlango wa kabati uliokuwa haujakauka. Jumapili hii tunaongeza ukingo wa bati sentimita 20 kila upande. Shemeji ameomba tuanze saa moja asubuhi, maana ana kitanda cha harusi cha kupaka Jumatatu.